Korosho bilioni nne ndani ya bao: kuifungua namba 4,294,967,295

Bao la kiswahili lina mashimo 32. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane, na kete za mchezo mzima ni 64. Watu wa vijiwe vya Mikindani, Lindi mjini au Newala hawana haja ya kuelezwa hayo. Ila ubao huohuo, ukiutazama kihisabati, umebeba namba moja kubwa ambayo kwangu mimi ni miongoni mwa namba nzuri kuliko zote. Na anayeujua ubao ataiona haraka kuliko aliyekariri kanuni darasani.

Weka komwe pembeni, chukua korosho ghafi. Shimo la kwanza tia korosho moja. La pili, mbili. La tatu, nne. La nne, nane. Endelea hivyo, kila shimo lipate mara mbili ya lililotangulia, umalize safu ya nyuma ya mchezaji wa kwanza, kisha safu yake ya mbele, uvuke kwa mwenzake, mpaka shimo la 32. Jumla ya korosho zote zitakuwa 4,294,967,295, yaani bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na tano.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu ndio unaomshtua mtu kwanza. Tuchukulie kilo moja ina korosho ghafi 200, na gunia lina kilo 80. Safu ya kwanza, mashimo manane, ina korosho 255, kilo moja na kidogo. Zinaingia kwenye mfuko wa rambo. Ukimaliza upande mzima wa mchezaji wa kwanza, mashimo 16, una korosho 65,535, ambazo ni magunia manne hivi. Mkulima yeyote wa Tandahimba anayavusha ghalani bila jasho. Kinachofuata ndicho kinachotisha. Safu ya tatu peke yake ina tani zaidi ya 83, na safu ya nne tani zaidi ya 21,000. Ubao mzima unafika kama tani 21,475, ambazo zinahitaji malori ya tani 30 yapatayo 716. Msimu wa 2017/2018, nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho, kwa hiyo bao letu halifiki hata sehemu ya kumi ya msimu ule. Ni namba kubwa, lakini si ya kufikirika tu: wapimaji wa maghala ya kusini wameshapitisha mikononi korosho nyingi kuliko hizo.

Ukubwa tuuache hapo. Namba kubwa zipo tele, na kuwa kubwa peke yake si sifa. Swali la maana ni namba hii imeundwaje ndani.

Kwanza, kwa nini jumla ni hiyo? Huna haja ya kujumlisha mashimo 32. Ongeza korosho moja tu kwenye shimo la kwanza. Sasa zimekuwa mbili, sawasawa na zilizomo shimo la pili. Zihamishie huko, zinakuwa nne, sawa na zilizomo la tatu. Zisogeze tena, zinakuwa nane. Ukiendelea kuzisukuma mbele namna hiyo, mashimo yote yanabaki matupu na mzigo wote unatua kwenye shimo la 33, ambalo ubao haunalo. Shimo hilo lingekuwa na korosho 4,294,967,296, yaani mbili 32 zikizidishwa pamoja, tunaloandika 2³². Kwa hiyo korosho tulizokuwa nazo kabla ya kuongeza ile moja ni 2³² − 1.

Sasa tuigawe. Kuivunja namba yenye tarakimu kumi mpaka uzipate namba tasa zinazoiunda, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe, kwa kawaida ni kazi ya kuchosha: unajaribu 3, 5, 7, 11, 13, unaendelea mpaka ukate tamaa. Hapa ubao unatufanyia kazi yote.

Utazame kwa pande mbili, upande wako na wa mwenzako. Wako una korosho 65,535. Shimo la kwanza la mwenzako ni la 17 katika hesabu yetu, na lina korosho 65,536. Shimo lako la kwanza lina moja. Shimo lake la pili lina 131,072, la kwako la pili lina mbili. Kila shimo lake ni mara 65,536 ya shimo lako linalolingana nalo. Basi upande wake wote ni mara 65,536 ya upande wako wote, na ubao mzima ni upande wako mara moja, ukijumlisha upande wako mara 65,536. Yaani 65,535 × 65,537. Tumeshaivunja mara moja, bila kugawa chochote.

Rudi upande wako peke yake. Una safu mbili. Safu ya nyuma ina 255, na kila shimo la safu ya mbele ni mara 256 ya lile linalolingana nalo nyuma. Kwa hoja ileile, 65,535 ni 255 × 257. Ichukue sasa safu moja ya mashimo manane, ikate katikati: manne ya mwanzo yana 1, 2, 4 na 8, jumla 15, manne yanayofuata ni mara 16 ya hayo. Basi 255 ni 15 × 17. Yakate yale manne: mawili ya kwanza yana 1 na 2, jumla 3, mawili yanayofuata ni mara nne ya hayo. Basi 15 ni 3 × 5. Hapo tumebaki na mashimo mawili, na kazi imekwisha:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Namba zote tano ni tasa. Hazigawanyiki tena. Ukitaka kuhakikisha kwa mkono, jumlisha tarakimu za namba yetu: 4+2+9+4+9+6+7+2+9+5 inaleta 57, ambayo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, kwa hiyo 3 imo mara moja tu. Inaishia na 5, basi 5 imo. Igawe kwa 15 upate 286,331,153. Hiyo igawe kwa 17 upate 16,843,009. Hiyo nayo igawe kwa 257 upate 65,537. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Ningependa kuona hoja hii ya kukata ubao ikifundishwa katika shule zetu za Mtwara na Lindi kabla ya kanuni ya tofauti ya miraba miwili. Mwanafunzi akishaona kwamba upande wa pili ni upande wa kwanza uliokuzwa, ile kanuni inayosema a² − 1 ni sawa na (a − 1) × (a + 1) haimwii kitu cha kukariri. Ameshaishika mkononi.

Namba tano tofauti, kila moja ikiwa imo mara moja, zina matokeo mengine. Vigawo vya namba yetu vinapatikana kwa kuchagua zipi kati ya tano unazizidisha na zipi unaziacha. Kila moja ina hali mbili, ndani au nje, kwa hiyo vigawo ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, sawa na 32. Ubao wa mashimo 32 umezaa namba yenye vigawo 32. Kidogo kuliko vyote ni 1, kikubwa ni namba yenyewe, na katikati wamo 51, 85, 771, 1,285 na wenzao.

Kuna sifa nyingine inayonipendeza zaidi ya hiyo. Chukua namba zote kuanzia 1 mpaka 4,294,967,295, ubakize zile tu zisizo na kigawo chochote cha shirika na namba yetu zaidi ya 1. Zitabaki ngapi? Jaribu kwanza kwenye ubao mdogo wa mashimo manne, ambao jumla yake ni 15. Namba zisizoshirikiana na 15 ni 1, 2, 4, 7, 8, 11, 13 na 14. Ni nane. Na shimo la nne lina korosho nane. Kwenye ubao mzima mambo ni yaleyale. Kati ya kila namba tatu mfululizo, mbili hazigawanyiki kwa 3; kati ya tano, nne hazigawanyiki kwa 5; kati ya 17, ni 16; kati ya 257, ni 256; kati ya 65,537, ni 65,536. Zidisha 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536, unapata 2,147,483,648. Hizo ndizo korosho zilizomo kwenye shimo la mwisho, la 32, si moja zaidi wala moja pungufu.

Kompyuta nazo zimeishi na ubao huu miaka mingi bila kuuita bao. Kompyuta ya biti 32 huhifadhi namba kwenye nafasi 32, kila nafasi ikiwa imewashwa au imezimwa, kama shimo lililojazwa au lililoachwa tupu. Zote zikiwashwa, thamani yake ni 4,294,967,295, na kupita hapo haiwezi. Anwani za intaneti za toleo la nne zilijengwa juu ya msingi huo, kwa hiyo ukihesabu na sifuri jumla yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Akiba kuu ya dunia ya anwani hizo iligawiwa yote tarehe 3 Februari 2011. Watu walikuwa wameshazidi mashimo.

Mifumo mingine hutumia nafasi moja kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, ikabaki na 31. Ukomo wake ni 2,147,483,647. Saa za kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa mtindo huo, na sekunde hizo zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za hapa kwetu itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Mfumo utakaokuwa haujarekebishwa utaruka kutoka hapo hadi Desemba 1901.

Linganisha namba hizo mbili. Mashimo 32 yametupa namba inayovunjika vipande vitano. Punguza shimo moja tu, ubaki na 31, na jumla inakuwa 2,147,483,647, ambayo ni namba tasa. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, bila kikokotoo. Sehemu ya sababu unaiona kwenye ubao: mashimo 31 huwezi kuyakata mafungu yaliyo sawa, kwa hiyo ile hoja yetu ya kukata katikati haina pa kushika. Ni sehemu tu ya sababu. Mashimo 11 nayo hayakatiki mafungu sawa, lakini jumla yake, 2,047, ni 23 × 89. Kutokatika kwa ubao ni sharti la lazima, ila halitoshi.

Turudi kwenye zile namba tano: 3, 5, 17, 257, 65,537. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, alizitazama mwaka 1640. Aliona kila moja ni namba ya shimo fulani ukiongeza moja: 2+1, 4+1, 16+1, 256+1, 65,536+1, na kila shimo ni mraba wa lililotangulia. Zote tasa. Akaamini kwamba inayofuata ni tasa pia, na zinazofuata zote, milele. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Kwa lugha yetu, ni namba inayojitokeza ukiunganisha mabao mawili: bao la pili ni mara 4,294,967,296 ya la kwanza, kwa hiyo jumla ya mashimo 64 ni 4,294,967,295 × 4,294,967,297.

Dai la Fermat lilikaa karibu karne nzima bila mtu kulithibitisha wala kulivunja. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Euler kumuuliza habari zake. Mwaka 1732 Euler, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, alitoa jibu: 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Zidisha 641 × 6,700,417 ujionee.

Aliipataje 641? Hakupapasa gizani. Baadaye alieleza kwamba kigawo chochote cha namba ile, ukikigawa kwa 64, lazima kiache baki 1. Ukizifuata namba tasa za namna hiyo kwa mpangilio, unakutana na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano tu. Na 257 hata huna haja ya kuijaribu. Namba yetu ya ubao inagawanyika kwa 257, na hii mpya imeizidi kwa 2 tu. Kama 257 ingezigawa zote mbili, ingegawa pia tofauti yao, ambayo ni 2. Haiwezekani. Kwa hoja hiyohiyo 3, 5, 17 na 65,537 nazo zinatoka mchezoni.

Kuna njia ya kuona kwamba 641 inagawa bila kugawa kabisa, na ningemwonyesha mwanafunzi yeyote wa sekondari mwenye dakika chache. 641 inaandikika kwa namna mbili: ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Anza na namna ya pili. Zidisha 5⁴ + 2⁴ kwa 2²⁸. Unapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², na hiyo inagawanyika kwa 641 kwa kuwa umeizidisha 641 yenyewe. Sasa namna ya kwanza. 5 × 128 ni 640, na 128 ni 2⁷, hivyo 640⁴ ni 5⁴ × 2²⁸. Na 640⁴ − 1 inagawanyika kwa 641, kwa sababu ni (640 + 1) × (640 − 1) × (640² + 1). Basi una namba mbili zinazogawanyika kwa 641: moja ni 5⁴ × 2²⁸ + 2³², nyingine ni 5⁴ × 2²⁸ − 1. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ni 2³² + 1, na lazima nacho kigawanyike.

Dai la Fermat likafa, lakini namba zake zilifufuka mahali ambapo hakuna aliyezitazamia. Machi 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa Kijerumani aliyekuwa bado hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari tu. Tangu enzi za Wagiriki watu walijua kuchora la pande 3, la pande 5 na la pande 15, na hakuna aliyedhani 17 inawezekana. Sababu inakutana na ile hesabu ya shimo la mwisho. Hesabu namba zisizozidi idadi ya pande za umbo na zisizoshirikiana nayo: umbo linachoreka pale ambapo jibu linapatikana kwa kuzidisha mbili peke yake, tena na tena. Pierre Wantzel alikamilisha upande wa pili wa hoja mwaka 1837: pasipo sharti hilo, halichoreki.

Mwanahisabati Richelot alishughulikia umbo la pande 257 mwaka 1832. Johann Gustav Hermes alitumia takriban miaka kumi ya maisha yake kwenye la pande 65,537, akakabidhi kazi yake mwaka 1894, na makaratasi yake yamehifadhiwa Göttingen, Ujerumani. Kwangu hiyo si kazi iliyopotea.

Sasa angalia vigawo 32 vya namba yetu. Ukiondoa 1, vinabaki 31: 3, 5, 15, 17, 51, na kuendelea. Hivyo ndivyo maumbo yote yenye idadi witiri ya pande ambayo mpaka leo tunajua yanachoreka kwa rula na bikari. La mwisho kabisa lina pande 4,294,967,295. Ukilizungushia dunia kwenye ikweta, zaidi ya kilomita 40,000, kila upande utakuwa na urefu wa milimita tisa na kitu.

Ili lipatikane umbo la 32, inahitajika namba tasa ya sita kwenye orodha ya Fermat. Ile ya mashimo 32 pamoja na moja, Euler aliiangusha. Ya mashimo 64 imevunjika, ya 128 imevunjika, na kila inayofuata imethibitika kwamba si tasa, mpaka ile iliyo 2 kwa kipeo cha 2³² ukiongeza moja. Ya kwanza ambayo bado haina jibu ni inayofuata hapo, 2 kwa kipeo cha 2³³ ukiongeza moja. Ukitaka kuiandika yote utahitaji tarakimu zaidi ya bilioni 2.5.